Kioo Kinachorudisha: Tukitumie Namna Gani?



Mara hii tunaleta jambo ambalo litawachekesha wengine na kuwakasirisha wengine. Tunataka kusema juu ya mchezo wa video. Tena si mchezo wa mpira wala wa magari. Ni mchezo wa vita ya uchawi. Tulipopeleka kichwa cha habari kwa walimu wanaosimamia gazeti letu, mmoja akatuuliza: "Ninyi vijana, karatasi ya shule ya Kikristo mnaijaza ulozi?" Tukamjibu kwa heshima: "Mwalimu, usome kwanza mpaka mwisho, halafu utuhukumu." Akasoma. Akanyamaza kidogo, akasema: "Haya, andikeni. Lakini semeni yote, na sehemu yenu pia." Ndiyo maana leo tunasema yote.

Jambo lenyewe ni hili. Wakati wa likizo kubwa, wengi wetu tulishuka Butembo. Kwa ndugu wa mmoja wetu tulikuta simu yenye mchezo unaoitwa Final Fantasy IV. Si mchezo mpya. Kampuni ya Square ya Japani iliutoa mwaka 1991 kwa mashine ya kufungwa kwenye televisheni, na nyuma ya miaka mingi ukatengenezwa tena kwa ajili ya simu. Ndani yake unaongoza kikundi cha watu: Cecil mwenye upanga, Rosa mponyaji, Rydia mwenye kuita viumbe vya ajabu, na wengine. Wanasafiri, wanakutana na adui, wanapigana. Siye tulikuwa vichwa vitano juu ya simu moja, na kila mmoja alijiona jemadari.

Tulipofika mbali katika mchezo, Rosa akajifunza neno moja linaloitwa Reflect. Maana yake ni kurudisha, kama kioo kinavyorudisha mwanga, na siye tuliliita "kioo" tu. Ukimvika mtu kile kioo, adui akimtupia moto, moto unagonga kioo na kumrudia mwenye kuutupa. Mnaona utamu wake! Adui anaungua kwa moto wake mwenyewe, na wewe hujanyosha hata mkono. Siku ile tulivika watu wetu wote kioo, tukaanza kuimba kabla ya vita kwisha.

Halafu tukashindwa. Tukaanza tena, tukashindwa tena. Mara ya tatu tukaacha kelele, tukaangalia vizuri, na tukaona kwamba kioo kina sheria zake.

Sheria ya kwanza: kioo hakichagui. Cecil alikuwa karibu kufa. Rosa akamtupia uponyaji. Ule uponyaji ukagonga kioo tulichomvika sisi wenyewe, ukaruka mpaka kwa adui, na adui akapona kwa nguvu zetu! Kioo hakiulizi kama kinachokuja ni moto au ni uzima. Kinarudisha tu.

Sheria ya pili: kioo hakizuii chuma. Adui akija na upanga au na meno, anapita kama hakuna kitu.

Sheria ya tatu: kilichorudi mara moja hakirudi tena. Ikiwa adui naye amevaa kioo, unaweza kumtupia moto rafiki yako mwenye kioo, moto unaruka kutoka kwake na kumwangukia adui, na kioo cha adui hakimsaidii. Kwa hiyo kitu kilichorudishwa hakina kinga. Anayekuwa ng'ambo ile, kinamwangukia.

Sheria ya nne: kioo kinakwisha. Wewe unafikiri bado umevaa, kumbe kimeondoka zamani.

Sheria ya tano ilitufurahisha sana: dawa ya chupa inapita. Uponyaji wa maneno unagonga kioo na kurudi, lakini chupa ya dawa ukimpa mgonjwa mkononi, inamfikia.

Na mbinu nzuri kupita zote haikuwa kujivika sisi kioo. Iko malkia mmoja mle ndani, jina lake Asura, mwenye nyuso tatu. Kumshinda ni taabu, sababu kila mara anajiponya mwenyewe. Unampiga, anajiponya, unampiga, anajiponya. Basi mwenye akili anafanya nini? Anamvika kioo Asura mwenyewe! Malkia anajitupia uponyaji, uponyaji unagonga kioo chake na kuja kwetu. Hapo tulielewa kwamba kioo si ukuta wa kujifungia ndani. Ni chombo, na kabla ya kukishika lazima ujue ni kitu gani kitakachokuja, na kitaruka kwenda wapi.

Sasa mtauliza, mchezo wa Wajapani unahusu nini na Kipese? Ndugu zetu, kioo hiki tulikijua kabla ya kuona simu yoyote. Nani kati yetu hajasikia nyumbani maneno haya: "Umelogwa, twende kwa mfumu, airudishe kwa mwenyewe"? Kurudisha kwa mwenyewe! Ni Reflect ile ile, tofauti ni kwamba hapa watu wanacheza na damu ya kweli. Na tunaona kwamba watu wa kwetu wanapenda kioo lakini hawajasoma sheria zake.

Tuanze na sheria ya chuma, sababu ilikwisha kuandikwa katika historia ya Afrika yetu. Mwaka 1905, kusini ya nchi inayoitwa leo Tanzania, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji na kusema yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Maji yale yalifanya jambo moja kubwa: yaliunganisha makabila mengi ambayo mbele hayakuwa pamoja. Lakini risasi hazikugeuka. Vita vya Maji Maji viliendelea mpaka 1907, na watu waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, sababu mashamba na chakula vilichomwa. Huku kwetu Kongo, katika maasi ya 1964, Wasimba nao walipewa dawa ya maji, wakapiga kelele ya "Mai Mulele". Na jina la Mai-Mai tunalijua wenyewe, si lazima mtu atufundishe. Kila mara vijana wa umri wetu ndio waliotangulizwa mbele. Na aliyeanguka, walisema alivunja sharti: eti alikula kitu kilichokatazwa, eti aligusa mwanamke, eti aligeuka nyuma. Kioo hakikosei kamwe, anayekosa ni maiti! Haya ni maneno ya kijanja, na sisi tuyakatae.

Lakini kubwa zaidi ni sheria ya kwanza, ile ya kioo kisichochagua. Hapa tunaomba mtusikilize kwa upole, maana tunagusa kidonda.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia upande wetu wa Beni. Ugonjwa ukafika Butembo na Katwa na mahali pengi. Ulipotangazwa mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa wamehesabiwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Wengine walikufa sababu ugonjwa wenyewe ni mkali. Lakini wengine walikufa sababu sisi, watu wa huku, tulikuwa tumevaa kioo.

Hatusemi kwamba kioo kile kilikuwa wazimu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki, na waliomba msaada bila kuupata wa kutosha. Halafu ukaja ugonjwa, na ghafula magari mengi, wageni wengi, pesa nyingi. Mtu akijiuliza, "Kwa nini wanakuja kwa hili na hawakuja kwa lile?", hilo ni swali la mwenye akili. Tena Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo peke yetu na Yumbi, eti sababu ya ugonjwa na usalama, na hali masoko na makanisa yalikuwa yamejaa watu kama kawaida. Watu wakakasirika. Wakasema: Ebola ni siasa, Ebola ni biashara, Ebola ni sumu inayoletwa na wale wenye kujifanya wanaponya. Wakainua kioo.

Na kioo kikafanya kazi yake: kikarudisha kila kitu. Kilirudisha uongo, ndiyo, lakini kilirudisha na uponyaji. Februari 2019 kituo cha kutunza wagonjwa cha Katwa kilishambuliwa na kuchomwa moto, na nyuma ya siku tatu kile cha Butembo nacho kikashambuliwa. Aprili ya mwaka ule munganga kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi Butembo, ndani ya hospitali. Alikuja kutuponya. Na ugonjwa ulikuwa kama ule upanga wa mchezo: haukugonga kioo hata kidogo. Uliingia nyumbani tu, mlango kwa mlango.

Sasa fikirini jambo hili. Wakati huohuo dawa zilikuwapo. Chanjo ilikuwapo, na katika ugonjwa ule watu zaidi ya 300,000 waliipata. Agosti 2019 waganga walitangaza kwamba dawa mbili kati ya nne zilizokuwa zinajaribiwa kwetu zilishinda zile nyingine, na kwa wale waliofika wakati virusi vilikuwa bado vichache mwilini, karibu tisa kwa kumi walipona. Tisa kwa kumi! Tofauti ya kupona na kufa ilikuwa siku chache tu, zile siku ambazo mtu alikuwa amefichwa nyumbani nyuma ya kioo.

Na moja ya zile dawa mbili ilitoka wapi? Ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, hapa Kongo, mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani mwenzetu, alikuwa kati ya wale walioifanyia kazi. Mwili wa yule mtu wa Kikwit ulipopigwa na ugonjwa ulijifunza sura ya adui, ukatengeneza silaha za kumpiga yeye tu. Chanjo inafanya vilevile: inaufundisha mwili kumjua adui kabla hajafika. Hicho ndicho kioo chenye akili! Kinarudisha kibaya, na chakula na maji na dawa na mkono wa rafiki vinapita. Hata katika mji wa Butembo, watu waliopona ndio waliowabeba na kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa, sababu wao ugonjwa haukuwatisha tena. Kumbe aliyepigwa na asife anaweza kuwa ngao ya wengine, tena ngao inayokumbatia.

Mwalimu alisema tuseme na sehemu yetu. Haya, tunaisema.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa internati alishikwa na homa. Siku ya kwanza tulisema ni baridi ya milima yetu. Siku ya nne tumbo likaanza kumuuma. Mmoja wetu akakumbuka kwamba wiki ile mgonjwa aligombana na mama mzee anayeuza mandazi karibu na njia ya shule, juu ya deni dogo. Tena mama yule alikuwa amemwambia, "Utaona." Basi neno "utaona" likawa ushahidi. Jioni ile tulikutana nyuma ya jikoni, tukachanga franka, kila mtu alichokuwa nacho, na wawili wakapeleka kwa mfumu ili airudishe kwa mwenyewe. Ni sisi tulioandika habari hii ndio tuliochanga. Hatuwezi kusema "watu fulani".

Mfumu alitaka siku tatu. Kwa siku tatu zile hatukumwambia Bwana Prefe ukweli wa hali ya mgonjwa. Tulisema anaendelea vizuri. Siku ya tatu usiku alipiga kelele mpaka internati nzima ikaamka, na akabebwa kwa pikipiki, mmoja mbele na mmoja nyuma wa kumshika. Hospitali walisema ni tifoide, na utumbo umekwisha kutoboka. Wakampasua usiku ule. Yuko mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini amepoteza mwaka wa masomo, na baba yake aliuza ng'ombe wawili. Munganga alituuliza jambo moja tu: "Siku tatu hizi mlikuwa wapi?"

Tulikuwa nyuma ya kioo. Dawa ya chupa ingepita, na sisi ndio tuliozuia ile chupa.

Na ile sheria ya tatu? Tulirudisha ulozi "kwa mwenyewe". Mwenyewe alikuwa nani? Habari ya mfumu ilitoka internati, ikafika sokoni. Watu wakaacha kununua mandazi ya yule mama. Watoto wakamtupia mawe madogo. Mwishoye akahama, akaenda kukaa kwa binti yake ng'ambo ya kilima. Sisi tulidhani tunarudisha kitu kilichotupwa na mtu. Kumbe hakuna aliyekitupa! Kitu kisicho na aliyekitupa, ukikirudisha, kinamwangukia yule aliye karibu na asiye na mtetezi. Tazameni mara nyingi ni nani anayeangukiwa: mjane, mama mzee, mtoto yatima, mtoto mwenye kifafa. Serikali yetu yenyewe, katika sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009, ilikataza kumsingizia mtoto ulozi. Kwa mzee wa mandazi, sheria iliyo karibu ni dhamiri yetu.

Wengine watatujibu: "Lakini ulozi uko! Ninyi mmesoma sana, mmekataa mambo ya wazee." Sisi hatukuingia katika swali la kama uko au hauko. Hata mtu anayesadiki kwamba uko, tunamwomba atumie akili ya mchezaji. Je, unajua ni nani aliyetupa? Unajua kitaruka kwenda wapi? Na wakati unapoinua kioo, ni uponyaji gani uko njiani unakuja, nawe utaugeuza urudi? Kama huwezi kujibu hata moja, weka kioo chini. Na katika shule yetu tunafundishwa kutolipa ubaya kwa ubaya. Siku zote tulifikiri hilo ni agizo gumu la kuwafaa watakatifu. Sasa tunaona kwamba ni pia busara ya vita.

Na wale wenzetu wanaosema kila kioo kibaya, nao tunawapinga kidogo. Mtu asiye na kinga yoyote anaumizwa na kila upepo. Uongo unaoletwa kwenye simu, urudishwe. Mtu anayekuja na pesa ili uende porini kushika bunduki, maneno yake yarudishwe. Kuuliza maswali kwa mgeni mwenye gari kubwa si dhambi. Lakini uliza ili upate jibu, na jibu likija, lisigonge kioo.

Kwa hiyo tunaleta maombi matatu. La kwanza, katika internati, mgonjwa wa homa asizidi siku moja bila Bwana Prefe kujua, na anayeficha ahesabiwe kuwa amefanya kosa, hata kama ni rafiki. La pili, sanduku dogo la michango liwekwe, ili franka za kwenda hospitali kwa pikipiki zisikosekane usiku. Tulipata franka za mfumu katika saa moja, basi hizi haziwezi kutushinda. La tatu linatuhusu sisi wenyewe.

Jumamosi hii, baada ya kazi za mikono, tunavuka kilima kwenda kwa yule mama. Mwenzetu aliyepasuliwa amesema naye atakuja, polepole, na lile deni la mandazi analo mfukoni. Hatujui kama mama atatufungulia mlango. Anayetaka kufuatana nasi, akuwe kwenye lango la shule saa nane kamili, na asije mikono mitupu.

Sisi wanafunzi wa darasa la sita